Leseni ya udaktari nje ya nchi: nianze na mtihani upi?

Tarajali_wa_Zamani aliuliza:

Habari za kazi, ndugu madaktari.

Nilihitimu shahada ya udaktari miaka michache iliyopita, nikamaliza utarajali, nikapata usajili kamili wa baraza la madaktari la nchi yangu, na tangu hapo nimekuwa nikifanya kazi katika hospitali ambako daktari mmoja hupokea wagonjwa wa dharura, wa wodini na wa kliniki za kawaida ndani ya zamu ileile. Kazi yenyewe naipenda. Kinachonisukuma kufikiria kuondoka ni mafunzo ya ubingwa: nataka kusomea magonjwa ya ndani, au ganzi na usingizi endapo nafasi itapatikana.

Kila ninayemwomba ushauri hunijibu kwa jina la mtihani. Mmoja ananiambia nifanye PLAB, mtihani wa Uingereza, kwa kuwa haina mzunguko mrefu, mwingine anasisitiza USMLE, mitihani ya leseni ya Marekani, kwa kuwa mafunzo ya Marekani yanakubalika kila mahali, na wa tatu anasema nijifunze Kijerumani na niachane na hayo yote. Ningeomba kufahamu mambo matatu. Je, ni mtihani upi unaofaa kuanza nao kwa mtu wa hali yangu? Je, inawezekana kujiandaa kwa njia mbili kwa wakati mmoja bila kuharibu zote? Na je, ni nini hasa kinachowakwamisha watu baada ya kufaulu? Nawafahamu wenzangu waliofaulu mitihani hiyo ambao hadi leo hawajapata pa kwenda.

Daktari_wa_Zamu alijibu:

Ndugu yangu, swali lako la tatu ndilo lililopaswa kuwa la kwanza. Mtihani ndiyo sehemu iliyo wazi kuliko zote katika safari hii, kwa sababu silabasi inajulikana, tarehe zinajulikana, na mtu mwenye nidhamu ya kusoma kwa kawaida hufaulu. Yanayofuata baada yake hayana silabasi. Kwa hiyo ningekushauri uchague nchi kwa kuangalia jinsi nafasi za mafunzo ya ubingwa zinavyogawanywa huko, nani anapewa kwanza, na viza inakufunga kwa masharti gani, kisha ndipo ulipie mtihani wa nchi hiyo.

Nizungumzie Uingereza, ninakofanya kazi. Ili usajiliwe na GMC, yaani baraza la madaktari la Uingereza, ni lazima kwanza uthibitishe uwezo wako wa Kiingereza, ama kwa IELTS ya kitaaluma yenye alama ya jumla ya 7.5 na isiyopungua 7.0 katika kila sehemu, ama kwa OET yenye daraja B katika kila sehemu. Baada ya hapo kuna PLAB ya kwanza, yenye maswali 180 ya kuchagua jibu kwa muda wa saa 3, ambayo hufanyika katika nchi nyingi. Halafu PLAB ya pili, ambayo hufanyika Manchester peke yake, na humo mtahiniwa hupita katika vituo 16, kila kimoja dakika 8, akikutana na waigizaji wanaochukua nafasi ya wagonjwa au ndugu wa wagonjwa. Ukishafaulu ya kwanza una miaka 2 ya kukamilisha ya pili. Tangu 2024 zote mbili zinafuata mwongozo uleule wa maudhui unaotumika kuwapima wanafunzi wanaohitimu udaktari nchini humo, kwa hiyo vitabu vya zamani visome kwa tahadhari.

Niseme neno kuhusu hiyo ya pili, kwa sababu inawaangusha madaktari wazuri sana. Daktari aliyezoea foleni ndefu hufika kwenye utambuzi wa ugonjwa ndani ya dakika mbili, akaanza kutaja vipimo na dawa, kisha akashangaa kukuta amepata alama chache. Mtahini anataka kuona kama umemuuliza mgonjwa anahofia nini, kama umemweleza mpango wa matibabu kwa maneno anayoyaelewa, na kama umeheshimu uamuzi wake hata anapokataa ushauri wako. Hayo hayajifunzwi kwa kukariri majibu ya kozi. Waigizaji wale wameyasikia majibu hayo mara nyingi mno, na mtu anayetamka sentensi za huruma alizokariri hutambulika tangu anapovuta kiti.

Sasa nirudi kwenye kinachowakwamisha wenzako. Uingereza hukupa leseni kwanza, halafu kazi ujitafutie mwenyewe. Oktoba 2019 madaktari wote waliwekwa katika orodha ya taaluma zenye upungufu, na kuanzia hapo waliosoma nje waliweza kuomba mafunzo ya ubingwa kwa usawa na waliosoma humo. Waombaji wakaongezeka kwa kasi kuliko nafasi, hata ikafika mwaka 2025 ambapo zaidi ya watu 30,000 waliomba nafasi zipatazo 10,000. Mwaka huohuo serikali ilitangaza, katika mpango wake wa miaka 10 wa huduma za afya, kwamba inakusudia kuwapa kipaumbele wahitimu wa vyuo vya Uingereza. Anayesimuliwa uzoefu wa aliyeingia mwaka 2020 anasimuliwa nchi nyingine kabisa.

Hata nafasi za kawaida za hospitali, zile zisizo za mafunzo rasmi, hupokea mamia ya maombi na mara nyingi tangazo hufungwa kabla ya tarehe yake. Halafu kuna fomu inayoitwa CREST, inayothibitisha kwamba umefikia kiwango cha mhitimu aliyemaliza miaka miwili ya mafunzo ya msingi baada ya chuo nchini Uingereza, na ambayo lazima isainiwe na daktari bingwa aliyekusimamia kwa angalau miezi 3 mfululizo. Bingwa wa nchini kwako anaweza kuisaini, na jambo hilo wengi hawalijui hadi wameshaondoka na hawana tena ukaribu na yule mkuu wa idara aliyewafahamu vizuri. Zungumza naye sasa, ukiwa bado unaingia naye wodini kila asubuhi.

Kwa kuwa umetaja magonjwa ya ndani, ipo njia ambayo wanaokujibu kwa kutaja PLAB huwa hawaisemi. GMC inakubali shahada za vyuo vya kifalme vya madaktari, ikiwemo MRCP ya Uingereza, ambayo ni ya magonjwa ya ndani, badala ya PLAB. Mtu anaweza kuanza MRCP miezi 12 baada ya kuhitimu, na sehemu ya kwanza haimlazimu kusafiri hadi Uingereza. Ni ngumu kuliko PLAB, hilo halina ubishi, lakini kila saa unayoisoma inakwenda kwenye ubingwa wenyewe, na hata usipoondoka kamwe bado ni sifa inayoheshimika katika wodi yako. Anayefaulu PLAB na asipate kazi hubaki na mtihani uliopimwa kwa kiwango cha daktari anayeanza. Anayefaulu MRCP hubaki na kitu.

Magonjwa_ya_Ndani alijibu:

Nakubaliana na mwenzangu kwamba nafasi itangulie mtihani. Nisichokubaliana nacho ni imani iliyoenea kwamba tofauti ya Uingereza na Marekani ni ugumu wa maswali. Marekani mpangilio umegeuzwa. Huko huwezi kutibu mgonjwa kwa kuwa umefaulu USMLE. Ni lazima kwanza upate nafasi ya mafunzo ya ubingwa katika hospitali, na leseni kamili ya jimbo hufuata baada ya mwaka mmoja au zaidi wa mafunzo hayo, kulingana na sheria za jimbo. Aliyekosa nafasi hana kazi ya muda ya kushikilia wakati anasubiri. Ana alama zake tu.

Ngazi zenyewe za USMLE ziko hivi. Step 1, ambayo tangu Januari 2022 haitoi tena alama za tarakimu bali hueleza tu kama umefaulu au umeshindwa. Step 2 CK, ambayo kwa sababu hiyohiyo alama yake imekuwa ndiyo kipimo kikuu cha kuwachuja waombaji. Na Step 3, ambayo wengi huifanya wakiwa tayari katika mafunzo. Ule mtihani wa kuwaona wagonjwa waigizaji, Step 2 CS, ulisimamishwa Machi 2020 na kufutwa rasmi Januari 2021, na badala yake ECFMG, shirika linalowathibitisha madaktari waliosoma nje ya Marekani, inatumia njia kadhaa za kuthibitisha ujuzi wa kliniki pamoja na OET ya udaktari. Wewe uliye na usajili kamili katika nchi yako utaingia kwa njia ya walio na leseni, ambayo ndiyo nyepesi. Tangu 2021 kila ngazi inaruhusiwa kujaribiwa mara 4 tu, na kushindwa hubaki kwenye rekodi yako daima, hata ukirudia na kupata alama ya juu. Kwa ajili hiyo nasema wazi kwamba mtu asikae mtihanini kwa kuwa tu tarehe aliyoilipia imefika.

Nafasi hugawanywa kwa mfumo wa kulinganisha machaguo: maombi hutumwa Septemba, usaili hufanyika kwa miezi ya katikati, na matokeo hutoka katika wiki ya tatu ya Machi. Mwaka 2024 takriban asilimia 58 ya madaktari wasio raia waliosoma nje walipata nafasi, wakati wahitimu wa vyuo vya udaktari vya Marekani wenye shahada ya MD walipata kwa zaidi ya asilimia 93. Idadi hiyo ya 58 ni ya wale waliofika hadi kuwasilisha orodha ya machaguo yao. Walioomba wasiitwe hata usaili mmoja hawamo. Magonjwa ya ndani ndiyo fani inayopokea waliosoma nje kwa wingi zaidi, pamoja na tiba ya familia. Ganzi na usingizi ina ushindani mkubwa, na kwa mtu asiye na mtu wa kumwandikia barua ndani ya mfumo ule ningeiweka kando.

Barua ndilo jambo ambalo waombaji wengi wenye alama nzuri hulipuuza. Wakurugenzi wa mafunzo wanataka barua kutoka kwa madaktari wa Marekani waliokuona ukiwa wodini au kliniki, na kupata muda huo wa kujifunza kwa vitendo kunahitaji viza ya matembezi, gharama za kuishi, na hospitali iliyo tayari kukupokea bila mkataba wa ajira. Wanaangalia pia mwaka uliohitimu. Programu nyingi huchuja waombaji waliohitimu zaidi ya miaka mitano iliyopita, na kompyuta hufanya hivyo kabla ya mtu yeyote kusoma jina lako. Tafadhali usiache kazi ili ukae nyumbani kusoma kwa muda mrefu, kwa sababu pengo la kliniki huonekana vibaya kuliko alama ya wastani.

Kuhusu viza, wengi huingia kwa J-1. Viza hiyo inahitaji barua ya wizara ya afya ya nchi yako inayosema kwamba nchi inahitaji mabingwa wa fani unayokwenda kusomea, na baada ya mafunzo inakutaka urudi kukaa nyumbani kwa miaka 2, isipokuwa upate msamaha. Msamaha unaotumiwa zaidi ni ule wa Conrad 30, ambapo kila jimbo huweza kuwaombea madaktari 30 kwa mwaka kwa sharti la kufanya kazi miaka 3 katika eneo lenye upungufu. Njia nyingine ni H-1B, yaani viza ya kazi, lakini hospitali zinazoitoa kwa wanafunzi wa ubingwa ni chache, na lazima uwe umefaulu Step 3 kabla ya kuanza.

Utasikia pia kuhusu sheria mpya za majimbo, kuanzia ile ya Tennessee ya 2023, zinazomruhusu daktari mwenye leseni ya nje kupewa leseni ya muda bila kurudia mafunzo ya ubingwa. Ni hatua nzuri, ila ziliandikwa kwa ajili ya watu wenye uzoefu wa miaka kadhaa walioahidiwa ajira na hospitali ya jimbo husika, na hazimpi mtu cheti cha bodi ya fani yake. Kwa daktari kijana anayetafuta ubingwa hazisaidii.

Na kwa kuwa swali hili huja kila wiki kwa njia ya ujumbe wa faragha: msinunue maswali yanayodaiwa kuvuja. Januari 2024 waendeshaji wa USMLE walifuta matokeo ya watahiniwa zaidi ya 800 wanaohusishwa na Nepal baada ya kuona mwenendo wa majibu usio wa kawaida, na miongoni mwao walikuwamo watu waliokuwa tayari katika mafunzo.

Kijerumani_Kwanza alijibu:

Nitakuwa mfupi, kwa kuwa Ujerumani haina mashindano ya kitaifa ya kuelezea.

Hapa nafasi ya ubingwa ni ajira ya kawaida: unamwandikia daktari mkuu wa idara, anakuita kwa usaili, na akikutaka anakuajiri kwa mshahara wa daktari kwa miaka 5 au 6 ya mafunzo. Kinachokuzuia ni lugha, na ni kizuizi kikubwa kuliko watu wanavyokiri. Mamlaka za majimbo hudai kiwango cha B2 cha Kijerumani cha kawaida, kisha mtihani wa lugha ya kitabibu wa kiwango cha C1, wenye sehemu tatu za dakika 20 kila moja: kumhoji mgonjwa, kuandika taarifa yake, na kumkabidhi kwa daktari mwenzako. Baada ya hapo shahada yako hulinganishwa na ya Ujerumani, na ikionekana na upungufu, jambo la kawaida kwa waliosoma nje ya Umoja wa Ulaya, unafanya mtihani wa mdomo na wa vitendo ambao msingi wake ni magonjwa ya ndani na upasuaji. Unaweza kuurudia mara 2 tu. Ukifaulu unapewa Approbation, yaani leseni kamili ya udaktari, ambayo haina ukomo wa muda wala wa jimbo. Kabla ya hapo unaweza kufanya kazi kwa kibali cha muda kisichozidi miaka 2, ingawa si kila jimbo linakitoa kwa wepesi.

Majimbo yako 16 na kila moja lina mamlaka yake, fomu zake na kasi yake. Chagua moja, fuata orodha yake ya nyaraka herufi kwa herufi, na usichanganye ushauri wa aliyesajiliwa Bayern na mahitaji ya Hessen.

Kama huna subira ya kukaa darasani na sarufi kwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kugusa mgonjwa, basi njia hii si yako. Kama unayo, nadhani kwa sasa ni njia yenye uhakika zaidi kwa mtu anayetaka ubingwa.

Bingwa_wa_Ganzi alijibu:

Nichangie kwa upande wa sisi tulioondoka tukiwa tayari ni mabingwa, kwa sababu naona mwuliza swali anapaswa pia kufikiria kama amalize ubingwa nyumbani kwanza au aondoke mapema.

Bingwa anapohama hukuta mlango wake ni tofauti na si lazima uwe mpana zaidi. Uingereza kuna njia inayoitwa Portfolio Pathway, iliyochukua nafasi ya CESR tarehe 30 Novemba 2023, ambayo hukuruhusu kuingia katika rejesta ya mabingwa kwa kuwasilisha jalada la ushahidi wa kazi zako: orodha za wagonjwa uliowahudumia, tathmini za wakuu wako, tafiti za ubora, mafunzo uliyotoa. Jalada hilo hufika mamia ya kurasa, na anayelikusanya akiwa ameshaondoka hugundua kwamba hospitali yake ya zamani haikuhifadhi nusu ya kumbukumbu hizo. Marekani, kwa fani nyingi, ubingwa wako wa nyumbani hauhesabiki na unaanza upya ukiwa mdogo kuliko wote wodini, ukipokea maagizo kutoka kwa mtu ambaye ungeweza kuwa mkufunzi wake. Wapo wanaolivumilia hilo vizuri, na wapo linalowavunja. Sijaona bado namna ya kujua mapema wewe ni wa kundi lipi.

Australia hugawa watu katika njia tatu. Ya kawaida ina mtihani wa AMC, yaani baraza la udaktari la Australia, wa maswali 150 kwenye kompyuta, kisha mtihani wa kliniki au tathmini ya kazini. Ya pili ni ya waliopitia nchi zinazoaminika kwao, na aliyefaulu PLAB na kumaliza miezi 12 ya kazi inayosimamiwa nchini Uingereza anaweza kuingia humo bila kufanya mitihani ya AMC. Ya tatu ni ya mabingwa. Kwa hiyo anayelaumu PLAB kuwa ni mtihani wa nchi moja hajaiangalia vizuri. Kumbuka tu kwamba waliosoma nje hubanwa kwa kawaida kwa miaka 10 kuhusu maeneo wanayoweza kutibu wagonjwa wanaolipiwa na Medicare, bima ya afya ya umma ya huko. Kwa anayelipwa mshahara na hospitali ya umma kizuizi hicho hakiumi sana, kwa anayetaka kliniki yake binafsi kinauma.

Ushauri wangu kwa fani ya ganzi: kama nafasi ya kusoma nyumbani ipo, hata kama ni ya kusubiri kidogo, isome. Mikono yako itakuwa imeshafanya kazi ambazo wenzako wa nchi tajiri hawazifikii hadi mwaka wa tatu.

Tarajali_wa_Zamani aliandika:

Nawashukuru sana wote. Kwa niliyoyasoma, naelekea kuanza na MRCP sehemu ya kwanza huku nikiendelea na kazi, na kuiacha USMLE kwa sasa, kwa sababu naona kwamba kujaribu zote mbili kwa pamoja ni kuomba kushindwa katika moja ambayo haisamehi.

Nina mambo mawili ambayo bado yananitatiza. La kwanza, nimeambiwa kwamba nchi yetu imo katika orodha nyekundu ya Uingereza, na mtu wa wakala mmoja anadai kwamba kwa sababu hiyo siwezi kuomba mwenyewe bali ni lazima nipitie kwake. La pili, nianze kukusanya nyaraka zipi sasa, kabla hata sijafanya mtihani wowote?

Magonjwa_ya_Ndani alijibu:

Umeamua vizuri kuhusu USMLE. Wapo waliofanya zote mbili, lakini karibu wote walimaliza moja kwanza ndipo wakaanza nyingine. Ila ukumbuke saa inatembea: mwaka wa kuhitimu haubadiliki, na ECFMG inataka mitihani yake ikamilike ndani ya miaka 7. Ukijua moyoni kwamba Marekani ndiko unakotaka, usiifanye kuwa mpango wa akiba.

Msajili_Mstaafu alijibu:

Nilifanya kazi kwa miaka mingi katika ofisi inayotoa nyaraka hizi, kwa hiyo ruhusu nijibu yote mawili, nikianza na wakala.

Anachokuambia ni kinyume cha ukweli. Shirika la Afya Duniani lilipitisha mwaka 2010 kanuni za kimataifa kuhusu kuajiri watumishi wa afya, na orodha yake ya 2023 inataja nchi 55 zenye upungufu mkubwa, 37 kati yake zikiwa za kanda ya Afrika ya shirika hilo. Uingereza imeifanya orodha hiyo kuwa orodha yake nyekundu, na maana yake ni kwamba waajiri na mawakala hawaruhusiwi kwenda kuwatafuta madaktari katika nchi hizo. Daktari mwenyewe, akiona tangazo na kuomba moja kwa moja kwa mwajiri, hajavunja kanuni yoyote. Kwa hiyo ikiwa kweli nchi yako imo, asiyeruhusiwa ni huyo wakala. Nakushauri usimpe fedha, na zaidi ya hapo usimpe nyaraka zako halisi wala nywila ya akaunti yako ya GMC.

Kuhusu nyaraka, anza na majina. Kesi nyingi nilizoziona zikikwama miezi na miezi hazikuwa na tatizo la kitaaluma hata kidogo. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa na majina mawili, cheti cha shahada matatu kwa mpangilio mwingine, na pasipoti ilikuwa na jina la ndoa. Linganisha nyaraka zako zote leo, na zikitofautiana tengeneza hati ya kiapo ya majina na uitunze, huku ukimwuliza mapema mhusika wa nchi unayokwenda kama ataikubali au atataka cheti kisahihishwe.

Kisha chuo chako. Hakikisha kimo katika Orodha ya Dunia ya Vyuo vya Udaktari, na kwamba miaka uliyosoma imo ndani ya miaka iliyoandikwa humo. Uhakiki wa shahada hufanywa kwa mfumo wa EPIC unaoendeshwa na ECFMG, ambao hutumiwa pia na GMC na AMC, na nchi nyingi za Ghuba hutumia kampuni ya DataFlow kwa kazi kama hiyo. Mifumo yote hiyo hukiandikia chuo chako moja kwa moja na kusubiri jibu. Hapo ndipo mambo hulala. Ujue ni afisa gani katika ofisi ya msajili wa chuo anayejibu maombi hayo, na mpigie simu ukishawasilisha ombi lako, kwa adabu, mara kwa mara.

Barua ya utarajali nayo isiwe ya mistari mitatu. GMC inataka kuona miezi 12, ikiwemo angalau miezi 3 ya magonjwa ya ndani na miezi 3 ya upasuaji, hivyo barua itaje idara moja moja, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na cheo cha aliyekusimamia. Iombe wakati waliokusimamia bado wako kazini.

Hati ya hadhi njema kutoka baraza la madaktari, kwa upande mwingine, usiiombe sasa. GMC huikubali ikiwa haijazidi miezi 3 tangu isainiwe, na inaitaka kutoka kila nchi uliyofanya kazi katika miaka 5 iliyopita, kwa hiyo anayeichukua mapema huilipia tena. Matokeo ya IELTS pia yana uhai wa miaka 2, na nimewaona watu walioanza na mtihani wa lugha kwa kuwa ulikuwa rahisi, ukaisha muda wake wakati wakisubiri tarehe ya mtihani wa udaktari.

Jambo la mwisho ni leseni yako ya nyumbani. Iendelee kuhuishwa kila inapotakiwa, hata baada ya kuondoka. Baraza haliwezi kukuandikia hati ya hadhi njema ikiwa jina lako limefutwa katika rejesta kwa kutolipa ada, na kurejeshwa kunaweza kuhitaji kikao cha kamati ambacho hakikai kwa ratiba yako.